Aliyekosa Alichokitaka: Neno juu ya Uagizaji wa Bidhaa za Duka Letu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, za magari na za bei ya mahindi, na shangwe mlizopiga zimestahili. Sisi tumepewa kazi isiyo na shangwe nyingi, nayo ni kusema juu ya duka la pembejeo, na hasa juu ya namna tunavyoagiza bidhaa zake. Lakini mtoto wa miaka kumi hutumwa dukani akarudi na chenji kamili. Basi chama cha miaka kumi nacho chapaswa kuzijua hesabu zake, hata zile zisizopendeza kusikilizwa siku ya sikukuu.

Twataka kuanza kwa kukiri kosa. Msimu mmoja, si zamani sana, wakati wa kukuzia mahindi mwezi wa Januari, alifika dukani mama mmoja mwanachama aliyetoka nyumbani kwake alfajiri. Alitaka mifuko miwili ya CAN. CAN ilikuwa imekwisha siku nne kabla yake. Karani wetu akamwambia, "Mama, CAN hakuna, lakini Urea ipo, nayo pia ni ya kukuzia." Yule mama akayatazama mawingu, akaikumbuka nauli ya kurudi tena wiki ijayo, akasema, "Haya mwanangu, nipe hiyo hiyo." Karani akaandika daftarini: Urea, mifuko miwili. Hakuandika neno jingine, wala hatukuwa tumemwagiza kuandika. Siku ile ile wakulima wengine walipewa jibu hilo hilo, wakageuka, wakaenda kununua penginepo. Hao hawakuandikwa mahali popote.

Msimu ulipokwisha tulilifungua daftari, tukaona Urea imeuzwa vizuri sana. Tukaiarifu Halmashauri kwamba wanachama wameipenda Urea, na Halmashauri ikatuamini. Tukaagiza Urea kwa wingi, na CAN kwa kiasi kile kile cha kwanza. Januari iliyofuata CAN ikaisha kabla ya watu wa mlimani kumaliza palizi, na Urea ikabaki ghalani masika yote, ikavuta unyevu, ikaganda, hata ikatubidi kuiponda na kuiuza kwa hasara. Hasara ile ililipwa kwa fedha za wanachama. Kosa halikuwa la karani, wala halikuwa la Halmashauri. Lilikuwa letu sisi wa ofisi ya Katibu, tuliolisoma daftari bila kuliuliza swali.

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, tena limeandikwa kwa mwandiko safi, na mali ikapotea vilevile. Sababu yake ni kwamba daftari la mauzo huandika kile kilichotoka mlangoni. Haliandiki kile mtu alichokijia. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Wahenga hao hao walisema, akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Mtoto yule akionekana anaamwa la mbwa, hakuna mwenye akili atakayesema kwamba ameacha kulipenda la mamaye. Lakini sisi tulisema hivyo juu ya Urea.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipoadimika katika nchi yetu ya Tanzania. Mtu alikwenda dukani akanunua kilichopo, si alichokitaka, na mwuzaji aliyehesabu mauzo yake asingeweza kujua haja ya watu hata kidogo. Adha ile imepita. Hata hivyo, kila siku ambayo bidhaa moja inakosekana dukani petu, jambo lile hurudi kwa kiasi kidogo, na huingia kimya kimya katika hesabu zetu.

Natuliangalie kwa mfano wa tarakimu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme wakulima 300 wanataka CAN na wengine 150 wanataka Urea, kila mmoja mfuko mmoja. Sisi tumeleta mifuko 200 ya kila aina. CAN yote 200 inauzwa, na watu 100 wanaikosa. Katika hao, 50 wanakubali kuchukua Urea, 20 wanasema watangoja, na 30 wanakwenda zao. Urea basi inauzwa mifuko 200, yaani 150 kwa walioitaka na 50 kwa waliokosa CAN. Daftari laonyesha 200 na 200, nasi twasema haja ya mbolea hizi ni sawasawa. Kumbe haja ya CAN ni mara mbili ya haja ya Urea!

Mwaka wa pili tukiagiza tena 200 na 200, na wale 30 waliokwenda zao wasirudi, wanaotaka CAN watakuwa 270. Watakaoikosa ni 70, na nusu yao, yaani 35, watachukua Urea. Urea itauzwa mifuko 185, na 15 itabaki ghalani. Hapo tutaanza kusema kwamba biashara imepungua kwa sababu wakulima hawana fedha. Hatutajua kwamba ni sisi wenyewe tuliowafukuza, kwa maana mtu aliyeondoka mikono mitupu hakutuachia karatasi yoyote ya kutuambia.

Msidhani kwamba jambo hili ni la duka letu peke yake. Mwaka 2002 wataalamu watatu, Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj, walitoa taarifa iliyokusanya uchunguzi uliofanywa katika maduka ya nchi nyingi za dunia. Waliona kwamba kwa wastani bidhaa 8 hivi katika kila 100 hazikuwapo wakati mnunuzi alipozitafuta. Katika wanunuzi 100 waliokosa walichokitaka, 45 walichukua kitu kingine badala yake dukani humo humo, 31 walikwenda duka jingine, 15 waliahirisha, na 9 waliacha kununua kabisa. Tena waliona kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na kazi ya maduka yenyewe, yaani kuagiza na kupanga bidhaa, wala si kwa sababu ya viwanda kushindwa kuzileta. Basi maduka makubwa ya ng'ambo yenye mashine za hesabu hukosea. Hatuna haja ya kufa kwa aibu. Lakini tuna wajibu wa kujirekebisha.

Hatua ya kwanza ya kujirekebisha ni kufahamu kwamba badala si za namna moja. Kuna bidhaa ambazo mojawapo ikikosekana nyingine yashika nafasi yake bila madhara. Sabuni ya mche ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile zote hufua nguo. Majembe ya alama mbili tofauti yote hulima. Katika bidhaa hizo si lazima kujaza rafu kwa kila aina, maana mteja hapotezi kitu.

Kuna bidhaa ambazo badala yake inafaa, lakini haifai kwa kipimo kile kile. Hapa ndipo penye CAN na Urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13 katika mfuko kama huo, na SA ya asilimia 21 ina kilo kumi na nusu. Kwa hesabu hiyo mifuko 7 ya CAN ni karibu sawa na mifuko 4 ya Urea. Mkulima anayepewa Urea mfuko kwa mfuko bila kuelezwa neno, anatoa fedha kwa mbolea asiyoihitaji. Pia Urea ikiachwa wazi juu ya udongo, sehemu ya nguvu yake huruka hewani. Yapasa kufukiwa, na CAN haina hasara kubwa ya namna hiyo. Na wale wenye mashamba yaliyopungukiwa salfa, wakikosa SA hawataipata salfa hiyo katika Urea, kwa kuwa haimo. Basi karani anayetoa badala bila maelezo ameuza mfuko, lakini hajamhudumia mwanachama.

Na kuna bidhaa ambazo hazina badala kamwe. Mkulima aliyekuja kutafuta DAP ya kupandia anatafuta fosfati kwa ajili ya mizizi ya mche mchanga. Urea haina fosfati hata chembe. TSP au mbolea ya Minjingu inaweza kumsaidia kwa fosfati, lakini Urea haiwezi. Ndiyo kusema, Urea yaweza kusimama mahali pa CAN, lakini haiwezi kusimama mahali pa DAP, ingawa zote zimefungwa katika mifuko ya kilo 50 na zimepangwa ukuta mmoja. Mbegu ndizo zaidi. Mtu aliyechelewa kupanda akaja kutafuta mbegu ya muda mfupi, akapewa ya muda mrefu kwa kuwa ndiyo iliyobaki, amenunua mahindi ambayo mvua itayaacha kabla hayajakomaa. Katika daftari letu hayo ni mauzo. Katika nyumba yake ni njaa.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe: tuagize kiasi gani? Kanuni yake si ngumu. Kila mfuko unaokosekana hutunyima faida. Kila mfuko unaobaki hututia hasara ya riba ya benki, ya nafasi ghalani na ya kuharibika. Yapasa kuzipima hasara hizi mbili katika mizani. Tuseme, kwa mfano tena, faida ya mfuko ni shilingi 4,000, na hasara ya mfuko unaobaki ni shilingi 2,000. Kwa kuwa kukosa kunatugharimu mara mbili ya kubakiza, yafaa tuagize kiasi kitakachotosha katika misimu miwili kwa kila mitatu.

Badala hugeuza mizani hii. Ikiwa nusu ya waliokosa aina moja huchukua aina nyingine yenye faida ile ile, nayo ipo ya kutosha, basi kukosa kwa aina ile ya kwanza kunatugharimu shilingi 2,000 tu, sawa na kubakiza. Hapo inatosha kuagiza kiasi kitakachotosheleza msimu mmoja kwa kila miwili, na ile aina inayopokea waliokosa iongezwe kidogo. Hivyo ndivyo afanyavyo mfanyabiashara mwenye akili, wala hatumlaumu, kwa maana duka ni lake na faida ni yake.

Lakini, Ndugu wanachama, duka letu ni la nani? Mnunuzi wetu ndiye mwenye duka. Hasara anayoipata shambani kwa ajili ya upungufu wetu hairuki hewani kama Urea. Hurudi katika Chama hiki hiki kwa njia ya magunia machache ghalani na mikopo isiyolipika. Basi katika mizani yetu yapasa kuitia hasara ya mkulima pia. Tuseme mkulima akikosa mfuko wa DAP wakati wa kupanda, mavuno yake yapungua kwa thamani ya shilingi 14,000. Ukijumlisha na shilingi 4,000 zetu, kukosa kunagharimu shilingi 18,000, na kubakiza kunagharimu shilingi 2,000. Mizani sasa yasema tuagize DAP kiasi kitakachotosha katika misimu tisa kwa kila kumi. Basi tukiwa na fedha chache, tusizigawe sawasawa kwa bidhaa zote. Kwanza tutimize zile zisizo na badala. Zenye badala zitastahimili. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walianza na vitu vichache tu: siagi, sukari, unga, shayiri ya uji na mishumaa. Mtaji mdogo haukuwazuia kuanza, bali uliwalazimisha kuchagua.

Liko neno moja zaidi kwa viongozi wa vyama vya msingi. Maduka mawili yaliyo karibu, kila moja likiagiza peke yake, kila karani hujisemea moyoni, "Jirani yangu akipungukiwa, watu wake watakuja kwangu, na niongeze mifuko." Jirani naye husema vivyo hivyo. Mwisho wake wote wawili wamebakiza. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani, Steven Lippman na Kevin McCardle, walionyesha kwa hesabu kwamba wauzaji wanaoshindania wateja waliokosa kwa jirani huweza kuagiza kwa jumla zaidi ya inavyofaa. Sisi tumeungana, lakini katika kuagiza tungali tunashindana. Tukiagiza pamoja kwa njia ya Chama Kikuu, na kila wiki ya msimu tukajulishana kwa simu ni duka gani limebakiza nini, mfuko wa CAN uliolala ng'ambo ya mto utamfikia mama aliyeukosa upande huu, na wala hatalazimika kuchukua kitu kingine.

Kwa hiyo ofisi yetu inaleta maombi manne mbele ya Halmashauri.

La kwanza, kila duka liwe na daftari la pili, tutakaloliita Daftari la Waliokosa. Litakuwa na safu tano: tarehe, bidhaa iliyotakiwa, kiasi, bidhaa iliyochukuliwa badala yake kama ipo, na alama ya aliyeondoka mikono mitupu. Halina haja ya jina la mtu, na kuliandika ni kazi ya nusu dakika. Tena karani asilaumiwe kwa kurasa zilizojaa, maana akilaumiwa ataacha kuziandika, nasi tutarudi gizani.

La pili, pasiwe na badala ya kimya. Kila karani afundishwe kipimo cha Urea kwa CAN na kwa SA, na kipimo hicho kibandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Na pale ambapo badala haifai, karani aseme wazi, "Hii haitakufaa," hata kama kwa kusema hivyo atapoteza mauzo.

La tatu, wanachama waandikishe mahitaji yao kabla ya msimu, kwa kalamu au kwa ujumbe wa simu, wakitaja aina wanayoitaka na aina watakayoikubali kama ya kwanza haipo. Jibu hilo la pili ni la thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndilo litakalotuambia ni wapi tunaweza kupunguza na ni wapi hatuwezi.

La nne, agizo la msimu ujao lisitungwe kwa mauzo ya msimu uliopita peke yake. Litungwe kwa mauzo, tukitoa walionunua kwa kukosa, na kuongeza waliokosa kwa kutokuwapo. Twaomba Halmashauri ilitolee uamuzi jambo hili mapema, kabla agizo halijafungwa mwezi wa Agosti. Meli haingoji barua yetu, wala mvua haingoji meli.

Mheshimiwa Mwenyekiti, twajua kwamba baadhi ya wanachama watasema Katibu ameleta daftari jingine katika nchi iliyojaa madaftari. Ni kweli. Lakini lile la kwanza hutuambia habari za waliopata, na Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya waliokuwa wakikosa. Miaka kumi iliyopita wazee wetu walichanga hisa zao kwa sababu walichoka kuchukua kilichopo kwa bei waliyotajiwa. Ikiwa leo mjukuu wao anakuja kwenye duka lake mwenyewe akachukua kilichopo kwa sababu hakuna aliyemwuliza anataka nini, basi tumezunguka njia ndefu tukarudi palepale.

Yule mama wa mifuko miwili bado ni mwanachama wetu. Msimu uliopita alikuja tena, akauliza kwanza kabla ya kuutua mkoba wake, "Leo ipo, au nirudi?" Twaomba mtuwezeshe ili Januari ijayo asiwe na haja ya kuuliza.

Mungu awabariki wanachama wote, naye audumishe Ushirika wetu.